Kitabu Kimoja kwa Ufalme Mzima

Kijiji cha Morebath, katika kaunti ya Devon kusini-magharibi mwa Uingereza, kilikuwa na familia 33 hivi, nyingi zikiwa za wafugaji wa kondoo. Kasisi wao, Christopher Trychay, alikabidhiwa parokia mwaka 1520 na akaitumikia hadi mwaka 1574. Katika muda huo wote alisalisha katika jengo lilelile, kwa watu walewale na watoto wao, chini ya watawala wanne, na karibu kila mmoja wao alileta amri mpya kuhusu namna ya kumwomba Mungu. Tunamfahamu kwa sababu aliandika hesabu za kanisa kwa mkono wake, na daftari hilo limesalia. Humo tunawaona wanakijiji wakidunduliza fedha kwa miaka ipatayo 20 ili wanunue mavazi meusi ya kuvaliwa na kasisi wakati wa misa ya marehemu. Mavazi yakapatikana mwaka 1547. Mwaka huohuo akapanda kitini mfalme mtoto, Edward wa Sita, na muda si mrefu serikali yake ikafuta misa za marehemu.

Miaka miwili baadaye Kilatini nacho kikaondolewa. Bunge lilipitisha Sheria ya Ibada Moja ya mwaka 1549, na makanisa yote yakaamriwa kutumia Kitabu cha Sala cha Kiingereza kilichoandaliwa na Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury. Kilianza kutumika Jumapili ya Pentekoste. Kesho yake, huko Sampford Courtenay, kijiji kingine cha Devon, waumini walimzingira kasisi wao wakamtaka avae mavazi ya zamani na asome misa waliyoizoea. Naye akatii. Uasi ukaenea hadi Cornwall, ambako watu walilalamika kwamba baadhi yao hata Kiingereza chenyewe hawakijui, na jiji la Exeter likazingirwa kwa wiki kadhaa. Jeshi la mfalme lilipofika liliua watu kwa maelfu. Daftari la Trychay linaonyesha kwamba Morebath iligharimia vijana watano waende kambi ya waasi nje ya Exeter.

Kasisi huyo aliendelea na kazi. Wapo watakaosema alikuwa bendera iliyofuata upepo. Mimi nasoma daftari lake kwa namna nyingine: namwona mchungaji aliyejua kwamba akiondoka yeye, kondoo wake watabaki hapohapo na amri itawakuta bila mtu wa kuwaombea. Maelfu ya makasisi wa Uingereza walikabiliwa na uamuzi kama wake, na sura hii inahusu dola iliyowaweka katika mtihani huo.

Chanzo kinajulikana. Henry wa Nane alitaka ndoa yake na Catherine wa Aragon ibatilishwe, Papa akakataa, na mwaka 1534 Bunge likamtangaza mfalme kuwa Kichwa Kikuu cha Kanisa la Uingereza. Waliokataa kuapa, akina Askofu John Fisher na Thomas More, walikatwa vichwa mwaka 1535. Monasteri takriban 800 zilifungwa kati ya mwaka 1536 na 1540, na mali zao zikaingia hazina ya mfalme. Henry mwenyewe alibaki na imani ya Kikatoliki katika mambo mengi. Mwanawe Edward alilipeleka kanisa upande wa Waprotestanti. Dada yake Edward, Mary, alilirudisha kwa Papa mwaka 1554, na katika utawala wake Waprotestanti karibu 280 walichomwa moto, akiwemo Cranmer, aliyeteketezwa Oxford mwezi Machi mwaka 1556. Mkulima aliyezaliwa mwaka 1530 alikuwa ameshabadilishiwa dini na serikali mara tatu kabla hajafika umri wa miaka 25.

Ya nne ndiyo iliyodumu. Elizabeth, binti wa Henry na Anne Boleyn, alirithi kiti tarehe 17 Novemba 1558 akiwa na umri wa miaka 25. Ndani ya miezi michache Bunge lake lilipitisha sheria mbili. Ya kwanza ilimrudishia mtawala mamlaka juu ya kanisa, lakini safari hii kwa cheo cha Msimamizi Mkuu, kwa kuwa wengi, Wakatoliki kwa Waprotestanti, walikwazika kusikia mwanamke akiitwa kichwa cha kanisa. Ya pili ilikuwa Sheria ya Ibada Moja ya mwaka 1559. Ilipita katika Baraza la Malodi kwa kura 21 dhidi ya 18, na hakuna askofu hata mmoja aliyeiunga mkono. Maaskofu waliorithiwa kutoka kwa Mary walitakiwa waape utii kwa mpango mpya. Wote walikataa isipokuwa mmoja, Anthony Kitchin wa Llandaff. Wakaondolewa. Makasisi wa parokia, kinyume chake, waliapa karibu wote; waliofukuzwa walikuwa mia chache tu kati ya maelfu.

Kitabu kilichorudishwa kilikuwa kile cha pili cha Cranmer, cha mwaka 1552, chenye marekebisho machache. Moja ya marekebisho hayo linastahili kutazamwa kwa karibu, maana linaonyesha fikra za watunga sheria hao. Katika kitabu cha mwaka 1549, mtu alipopewa mkate wa Ushirika Mtakatifu aliambiwa kwamba ule ni mwili wa Bwana. Katika kile cha mwaka 1552 maneno hayo yalifutwa, na mpokeaji akaambiwa tu ale kwa kukumbuka. Baina ya sentensi hizo mbili watu walikuwa wameshauana. Mwaka 1559 zote mbili ziliwekwa, moja baada ya nyingine. Mkatoliki wa zamani akasikia ya kwanza, Mprotestanti akasikia ya pili, na wote wakapiga magoti mahali pamoja. Sidhani kama kuna sentensi ya sheria iliyookoa damu nyingi kuliko hizo mbili zilizounganishwa.

Lakini kupiga magoti hakukuwa hiari. Kila mtu alipaswa kufika kanisani kwake kila Jumapili na sikukuu. Asiyefika bila udhuru alitozwa faini ya peni 12, yaani shilingi moja, ambayo ilikaribia ujira wa fundi wa siku nzima. Kasisi aliyekataa Kitabu cha Sala alipoteza pato la mwaka mzima na kufungwa miezi 6 kwa kosa la kwanza. Kwa kosa la pili alifungwa mwaka mmoja na kunyang'anywa parokia. Kwa kosa la tatu alifungwa maisha. Katika upinde wa mbele kanisani, mahali ambapo zamani palikuwa na sanamu ya Kristo msalabani, parokia nyingi ziliweka nembo ya kifalme.

Nani alikuwa akiwahesabu waliokosekana? Ufalme ule haukuwa na polisi wala jeshi la kudumu. Kazi iliangukia wasimamizi wawili wa parokia, watu wa kawaida waliochaguliwa na wenzao kwa zamu: leo mwoka mikate, mwaka ujao mshona viatu. Wao ndio waliopaswa kukusanya shilingi ya faini, ambayo kisheria ilikuwa ya maskini wa parokia, na wao ndio walioulizwa maswali na askofu au wajumbe wake walipokuja kukagua. Je, kasisi anavaa kanzu nyeupe? Nani hajashiriki meza ya Bwana wakati wa Pasaka? Nani anazungumza ibada ikiendelea? Dola ilikuwa imemkabidhi jirani kazi ya kumripoti jirani. Hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya mpango huo na pia udhaifu wake, kwa sababu msimamizi aliyepaswa kumshtaki mtu leo, kesho alihitaji kuazima ng'ombe wake wa kulimia. Parokia nyingi zilinyamaza, na watu waliotakiwa kulipa hawakulipa.

Mimbari nayo ilidhibitiwa. Kuhubiri kulihitaji kibali, na kasisi asiye na kibali alisoma hotuba zilizochapishwa tayari katika Vitabu vya Homilia. Baada ya uasi wa kaskazini wa mwaka 1569, iliongezwa homilia ndefu ya kulaani uasi. Katika nchi ambayo wengi hawakujua kusoma, kanisa ndilo lililokuwa mahali pekee ambapo serikali iliweza kusema na watu wote kwa wiki moja. Ukiona jinsi watawala walivyong'ang'ania mimbari, kumbuka kwamba hawakuwa na chombo kingine cha habari kilichofika kila kijiji.

Wa kwanza kusumbuka na mpango huu walikuwa Waprotestanti wenyewe. Wale waliokimbilia Geneva na Zürich wakati wa Mary walirudi wakitaka kanisa lisafishwe kabisa mabaki ya Roma. Maadui zao wakawaita Wapuritani. Kwao kanzu nyeupe ya kasisi ilikuwa vazi la upagani. Malkia alitaka ivaliwe. Tarehe 26 Machi 1566 makasisi wa London waliitwa Lambeth, makao ya Askofu Mkuu Matthew Parker. Walipofika walimkuta mwenzao, Robert Cole, amesimamishwa mbele yao akiwa amevalishwa mavazi yote yanayotakiwa kisheria. Hawakuruhusiwa kujadili. Kila mmoja aliambiwa aandike neno moja la Kilatini, la kukubali au la kukataa. Makasisi 37 waliandika la kukataa na wakasimamishwa kazi papo hapo. Baadhi ya makanisa ya London yakakosa mtu wa kusalisha wiki ya Pasaka ikikaribia.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika habari hii ni Edmund Grindal, aliyemrithi Parker. Makasisi katika majimbo mengi walikuwa wakikutana kujifunza Biblia na kuhubiriana. Malkia aliona mikutano hiyo ni ya hatari, akamwagiza Askofu Mkuu aipige marufuku. Mwezi Desemba mwaka 1576 Grindal alimwandikia barua ndefu akieleza kwamba dhamiri yake haimruhusu, na akamkumbusha kwamba hata yeye malkia ni mtu wa kufa. Elizabeth hakumkata kichwa. Alimvua madaraka yake mwaka 1577 na kumwacha na jina la cheo tu, mpaka alipofariki mwaka 1583, akiwa karibu kipofu. Kwa miaka sita Kanisa la Uingereza lilikuwa na Askofu Mkuu asiyeruhusiwa kufanya kazi, kwa sababu alitaka makasisi wake wafundishwe. Mrithi wake, John Whitgift, hakuwa na shida hiyo. Aliwabana Wapuritani kwa viapo na mahakama, na mwaka 1593 waliojitenga kabisa na kanisa la taifa, Henry Barrow, John Greenwood na John Penry, walinyongwa.

Wakatoliki walipigwa zaidi. Kwa miaka kumi ya kwanza wengi wao waliachwa, ilimradi wafike kanisani. Kisha Papa Pius wa Tano, mwezi Februari mwaka 1570, akamtenga Elizabeth na kanisa na kuwaambia raia wake kwamba hawafungwi tena na kiapo cha kumtii. Kwa tendo hilo Papa aliwatia kitanzi watu aliodhani anawatetea, kwa kuwa tangu hapo kila Mkatoliki aliweza kuitwa msaliti. Sheria ya mwaka 1581 ilipandisha faini ya kutohudhuria kutoka shilingi moja hadi pauni 20 kwa mwezi. Mwezi ulihesabiwa kwa siku 28, hivyo mwaka ukawa na miezi 13, na deni likafika pauni 260. Ni matajiri wachache tu walioweza kulipa fedha kama hizo. Mwaka 1585 ikawa uhaini kwa padri aliyepewa daraja ng'ambo kukanyaga Uingereza, na aliyempa hifadhi alistahili kifo.

Familia nyingi zilitafuta njia ya katikati. Mume alikwenda kanisani, akakaa kimya hadi mwisho, akaokoa shamba. Mke, ambaye kisheria hakuwa na mali yake mwenyewe ya kutaifishwa, alibaki nyumbani akafundisha watoto imani ya zamani. Huko York, Margaret Clitherow alikuwa mke wa mwuza nyama. Mumewe alihudhuria ibada ya serikali na kulipa faini za mkewe. Margaret alifungwa mara kadhaa kwa kutohudhuria, na gerezani ndiko alikojifunza kusoma. Mwezi Machi mwaka 1586 alishtakiwa kwa kuwaficha mapadri. Alikataa kujibu shtaka, maana kesi ikisikilizwa, mashahidi wangekuwa watoto wake na watumishi wa nyumba. Sheria ya wakati huo ilisema asiyejibu agandamizwe mpaka afe. Tarehe 25 Machi alilazwa chini, ukawekwa mlango juu yake, na mawe mazito yakarundikwa juu ya mlango. Maofisa waliopaswa kufanya kazi hiyo hawakuiweza, wakawalipa ombaomba waifanye.

Waandishi wengi humsifu Elizabeth kwa kiasi chake, na Francis Bacon aliandika kwamba malkia hakupenda kuchungulia mioyo ya watu. Ukimlinganisha na dada yake, au na Ufaransa iliyokuwa ikichinjana miaka hiyohiyo, sifa hiyo ina msingi. Lakini kiasi hicho kilikuwa na ukuta, na aliyeugusa alikutana na mlango wa Margaret Clitherow. Nasema mpango wa mwaka 1559 ulidumu pale ulipotosheka na mwili wa mtu ndani ya jengo. Kila mara dola ilipotaka zaidi ya hapo, ilizalisha wafia dini au waasi.

James wa Kwanza, aliyemrithi Elizabeth, alilielewa hilo nusu. Katika kikao cha Hampton Court, Januari 1604, aliwapa Wapuritani tafsiri mpya ya Biblia, iliyotoka mwaka 1611, na akawanyima karibu kila kitu kingine. Aliamini kwamba maaskofu wakiondolewa, ufalme nao utafuata. Kundi moja la waliojitenga lilihamia Leiden, Uholanzi, na mwaka 1620 baadhi yao wakavuka Atlantiki kwa meli ya Mayflower. Charles, mwana wa James, hakulielewa kabisa. Alimfanya William Laud kuwa Askofu Mkuu mwaka 1633, na Laud akaamuru meza ya Ushirika isogezwe ukutani, upande wa mashariki, na kuzungushiwa uzio. Kwa mtu wa leo hilo ni suala la fanicha. Kwa waumini ambao baba zao walifundishwa kwamba altare ni ya Roma, lilikuwa tangazo kwamba Roma inarudi. Waliopinga kwa maandishi, Prynne, Burton na Bastwick, walikatwa masikio hadharani mwezi Juni mwaka 1637.

Mwezi uliofuata Charles alifanya kosa lililomponza. Alikuwa pia mfalme wa Scotland, nchi yenye kanisa lake la Kiprotestanti lisilotaka ibada ya kitabu, na aliamua Waskoti nao wapate Kitabu cha Sala. Hakuliuliza Bunge lao wala Baraza Kuu la kanisa lao. Tarehe 23 Julai 1637, kilipofunguliwa kwa mara ya kwanza katika kanisa la St Giles, Edinburgh, wanawake walianza kupiga kelele na viti vikarushwa. Mwezi Februari mwaka 1638 Waskoti walianza kutia saini Agano la Taifa la kulinda kanisa lao. Charles akapigana nao, akashindwa, akaishiwa fedha, na mwaka 1640 akalazimika kuliita Bunge ambalo kwa miaka 11 alitawala bila kuliita. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata. Laud alikatwa kichwa tarehe 10 Januari 1645 na Charles tarehe 30 Januari 1649. Katika miaka hiyo ya vita Bunge lilipiga marufuku Kitabu cha Sala. Waliokuwa wakionewa wakawa waonevu: sasa ndugu zao walioupenda utaratibu wa zamani ndio walioadhibiwa kwa kusali kwa kitabu.

Ufalme uliporudi mwaka 1660, kitabu nacho kilirudi. Sheria ya Ibada Moja ya mwaka 1662 iliwataka makasisi wote wakubali kitabu hicho hadharani kabla ya tarehe 24 Agosti. Ukihesabu na waliotolewa miaka miwili iliyotangulia, karibu makasisi 2,000 walipoteza parokia na nyumba zao. John Bunyan, fundi wa kuziba masufuria kutoka Bedford, alifungwa miaka 12 kwa kuhubiri bila kibali. Gerezani alianza kuandika kitabu chake cha safari ya msafiri, ambacho vizazi vya wasomaji wa Afrika Mashariki wamekisoma kwa Kiswahili.

Ugomvi huo ulisafiri hadi kwetu. Waanglikana wa Zanzibar, waliofikiwa na wamisionari wapenda altare, mishumaa na ubani, na wale wa Mombasa na Uganda, waliofikiwa na wamisionari wa mimbari na Biblia, walirithi pande mbili za mabishano ya karne ya 16. Mwaka 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana Kikuyu, nchini Kenya, wakashiriki meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti. Askofu Frank Weston wa Zanzibar akawashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akidai wamekwenda kinyume cha imani. Wakristo wa Afrika Mashariki hawakuwahi kutozwa shilingi ya Elizabeth, lakini waliwekwa katikati ya kesi aliyoiacha bila hukumu.

Huko Uingereza dola ilisalimu amri kidogokidogo. Sheria ya Kuvumiliana ya mwaka 1689 iliwaruhusu Waprotestanti waliojitenga kusali katika nyumba zao za ibada. Wakatoliki hawakupewa ruhusa hiyo, na walisubiri hadi mwaka 1829 ndipo wakaweza kukaa bungeni. Hadi leo mfalme ndiye Msimamizi Mkuu wa Kanisa la Uingereza, na maaskofu 26 wana viti katika Baraza la Malodi. Sheria ya mwaka 1701 inayomkataza Mkatoliki kurithi kiti cha ufalme ilirekebishwa mwaka 2013 ili mrithi aweze kuoa au kuolewa na Mkatoliki. Yeye mwenyewe bado haruhusiwi kuwa Mkatoliki.